Sanda ya Mifuko ya Unga

Asubuhi moja nilifunga vitu vyangu ndani ya shuka nikatoka Tangini bila kujua ninakokwenda. Kazi yangu ilikuwa kupakia malori kwenye ghala moja la Kibaha, na malori yote yalikuwa yamesimama juu ya mawe. Matairi hakuna. Ilikuwa ile miaka ya baada ya vita, sabuni ikionekana mtaani inakuwa habari.

Karibu na Mkuza nilimkuta mwanamume anasukuma baiskeli iliyobeba gunia la makopa, muhogo mkavu. Tairi la nyuma alilijaza majani kwa kukosa mpira wa ndani. Nikamsaidia kusukuma, naye akanieleza. Mama yake alifariki jana jioni kijijini kwao, upande wa Kisarawe. Yeye alitoka kabla ya alfajiri kutafuta sanda ya kubadilisha na makopa, ili wamzike leo kabla jua halijazama.

"Wazee wa kwenu hawaweki sanda sandukuni?" nikauliza. Ndivyo nilivyoona kila nilikopita Pwani.

"Mama alikuwa nayo miaka mingi. Mwezi uliopita akamwazima jirani aliyefiwa na mumewe. Alisema dukani italetwa nyingine."

Akatazama kifurushi changu. Nikamkunjulia shuka. Ilikuwa na mistari ya buluu.

"Hapana, ndugu yangu. Mama yangu si godoro."

Tulicheka, halafu akafuta macho kwa kiwiko.

Tulipofika kwenye duka la ushirika, muuzaji alikuwa ameegemea rafu tupu. "Kitambaa? Kiwanda kinasubiri vipuri, vipuri vinasubiri meli, meli inasubiri fedha za kigeni. Na wewe panga foleni."

"Maiti hapangi foleni, bwana," mwenye baiskeli akasema.

Muuzaji akaingia nyuma, akarudi na mifuko mitupu ya unga wa ngano, ile ya pamba. Akachukua gunia zima la makopa bila kuona haya.

Njiani majani yalisagika ndani ya tairi mara kwa mara, tukang'oa mengine, tukaendelea. Tulifika alasiri imeshaingia. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha marehemu, wamemfunika kanga, wanangoja. Jirani yule mjane akaifumua mifuko, uzi akauweka kando usipotee, akaifua kwa maji matupu. Maandishi ya buluu hayakutoka. Akaiunganisha ingali mbichi, kwa uzi ule ule.

"Maandishi yaelekee nje," akasema. "Yeye yasimguse. Udongo hausomi."

Tulizika jua likiwa limeshuka kwenye mikorosho. Tulipomteremsha niliona, ubavuni pake, picha ya shuke la ngano, zao ambalo pale hakuna aliyewahi kulilima.

Mwenyeji wangu akanipa chumba cha mama yake. Kilikuwa na kitanda cha kamba na sanduku lililoachwa wazi, tupu. Nilikuwa natandika shuka yangu mjane alipopiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo shuka naomba uniachie. Nataka kuwa na kitu sandukuni mwangu."

"Ina mistari, mama."

"Nimeiona. Lakini ni pana, na haina maandishi."

Nikaitoa kitandani, nikaikunja vizuri, nikampa. Nikalala juu ya kamba tupu.