Nanga ya Ndala

Aibu hii nimejitafutia mwenyewe: nilipaka miguu mafuta, nikavaa ndala, nikaenda kuvuta kamba. Mimi ni mtu wa kukaa ndani, viatu vya michezo nitoe wapi? Jengo letu hapa mtaani Al Baraha, Uarabuni, lilipambana na jengo la jirani, na watakaoshindwa wangewapikia wenzao pilau.

Nikajigamba, "Fizikia ya Fomu Tatu inasema mzito hasogezwi ovyo. Nifungeni nyuma, niwe nanga!"

Wakanifunga kamba kiunoni. Habari za msuguano nilizisahau darasani. Filimbi ilipolia, ndala zilibaki. Mimi nikateleza kama sabuni, nikiwazoa wenzangu mpaka ng'ambo ya mstari.

Bi Salma, jirani yangu Mzanzibari, akaniinamia pale chini: "Baba, weye si nanga, weye mzigo. Inuka ukamenye vitunguu."