Unga Uliokataa Maji

Mwenye nyumba wangu Kariakoo, mama wa Kichaga ambaye mumewe alifia chumba cha mbele, hakuweza kumeza kapsuli. Alizifungua, akamwaga unga kwenye glasi ya maji. Unga ulitanda juu kama vumbi. Ukiukoroga unashuka kidogo, halafu unapanda.

"Unaona? Dawa imenikataa," aliniambia. "Hata ya marehemu ilielea hivihivi mwishoni."

Akaacha kunywa. Miguu ikaanza kuvimba.

Mimi niliacha shule mapema, nikawa mtu wa kuhama miji na kazi. Wakati huo nilibeba madumu kwenye duka la malighafi za sabuni, mtaa wa pili. Bosi, Mwarabu wa hapahapa Bongo, alikuwa na dumu la kitu kizito kama asali.

"Hii imetoka kwenye sukari na mafuta ya nazi," alinieleza. "Upande mmoja unashika maji, mwingine unashika mafuta. Viwanda vya dawa navyo vinatumia ndugu zake, kuyeyushia dawa zisizotaka maji."

Nikarudi nyumbani na kidogo kwenye kizibo, nimwonyeshe mama. Nilidondosha tone moja. Unga wote ulikimbilia ukingoni mwa glasi, ukasimama. Kisha ukazama, kama umeitwa kutoka chini. Umeme ulikuwa umekatika, feni imetulia, hakuna aliyegusa meza.

Mama alitazama mlango wa chumba cha mbele.

"Nipe ninywe, kabla hajaghairi."

"Nani?"

Akanyoosha mkono. Nikaishika glasi. "Mama, hii ni ya kuoshea vyombo. Inayotiwa kwenye dawa ni ndugu yake. Twende duka la dawa."

"We mzururaji, unaogopa maji?"

"Haya naogopa."

Mfamasia alisema kapsuli zile hazifunguliwi. Akampigia daktari wa mama, kisha akampa mama dawa ya maji. "Humu kuna kitu cha jamii hiyo ya sukari, ila kimesafishwa na kupimwa kwa ajili ya tumbo."

Nyumbani, mama alimimina kipimo chake kwenye maji, akasubiri. Dawa haikupanda. Akainywa yote.

Uvimbe ukapungua taratibu. Lakini glasi ile ya kwanza hakuimwaga. Aliifunika kwa kisahani ikiwa imejaa, akaiweka chumba cha mbele.

Siku ya kuhama niliingia humo kuchukua begi langu, nikainua kisahani. Glasi ilikuwa nusu.

"Funika," mama alisema nyuma yangu. "Hajamaliza."