Mama Aliyemulika Lenzi

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la kamera kuukuu za filamu hapa Stockholm, nyuma ya mama mmoja Mrundi na binti yake. Binti alikuwa na krona elfu mbili tu, na alishapenda kamera moja inayong'aa pamoja na lenzi yake.

"Imetunzwa vizuri," muuzaji akasema.

Mama akaichomoa lenzi, akaimulika kwa tochi ya simu, akafumba jicho moja. "Ina ukungu ndani, kama mkate wa juma lililopita."

Binti akamnong'oneza kwa Kiswidi kwamba watu wanawatazama. Mama hakujali. Akaomba kamera nyingine, iliyochubuka pembeni, akaiweka sikioni na kubonyeza mara kadhaa, akisikiliza mlio wake. "Chukua hii. Sura si kitu. Pesa itakayobaki tununue lenzi safi."

Muuzaji akaitazama ile lenzi ya kwanza, akairudisha kabatini.

"Mama, ulijifunza wapi haya?" Sasa binti aliuliza kwa Kiswahili.

"Kwa baba yako. Nilikwenda studio yake kupigwa picha ya kitambulisho. Mara nne akaniambia nirudi, eti filamu imeungua. Mara ya tano nikamwambia, lete hiyo kamera niikague mwenyewe."

"Ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu. Nzima kabisa."

Wataalamu hutuonya tusinunue kamera bila kuikagua. Hawatuambii kwamba wapo walioikagua, wakaikuta nzima, wakaondoka na mpiga picha.