Mtu wa Masizi

Mama alituacha mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekolea. Baada ya matanga nilibaki peke yangu katika nyumba yake kule Bahati, nikiwa na funguo, kuku wanne na picha ya ukutani. Kuku niliwagawia majirani. Picha niliishusha nikailaza kitandani, nikaitazama kwa makini kuliko nilivyowahi kuitazama maishani.

Si picha ya kumshangaza mgeni. Ni nyumba ya mabati mekundu, mahindi kando, vilima vya bluu kwa nyuma. Mlango uko wazi, ndani yake kuna kiza chepesi, na mbele ya kizingiti kuna mawe mawili ya kahawia. Jina la mchoraji halipo. Kila nilipomuuliza mama aliitoa wapi, alijibu, "Ni picha tu ya nyumbani," kisha akanituma kuni. Mama alikuwa hodari wa kutuma watu kuni.

Baba alikufa nikiwa na miaka miwili. Nyumba yetu ya kwanza ilichomwa mwaka wa vurugu, nikiwa bado mchanga, na picha zake za kamera ziliungua humo; mama aliwahi kutoka na hii ya ukutani tu. Kitambulisho chake kilikuwa kimesharudishwa kwa chifu. Kwa hiyo sikuwahi kuuona uso wa baba yangu, hata kwenye karatasi. Nilichojua ni kazi yake tu: alichora maandishi kwenye malori na kwenye mabucha ya barabarani. Nilitaka kujua kama picha ile ilitoka mkononi mwake. Hilo tu. Sikuona kama naomba makubwa.

Nilianza kwa fundi wa fremu mjini Nakuru. Aliigeuza picha, akaikwaruza pembeni kwa ukucha.

"Hii si canvas ya kununua, mathe. Hii ni turubai ya lori. Ona hizi mashimo za kamba. Na rangi ni duko, ile ya kupaka gari. Tafuta wazee wa signwriting, wale wa kuandika malori huko highway."

Nilimsamehe lile "mathe", kana kwamba ni mimi niliyemzaa, kwa sababu moyo ulikuwa umenijaa furaha. Kesho yake nilishuka Mai Mahiu, wanakopaka malori. Nilikuta vijana wenye kompyuta wakikata stika. Mmoja alinisalimu kwa "niaje" ya vijana, akacheka kwamba hapo hakuna mtu ameshika brashi tangu azaliwe, kisha akanihurumia akanielekeza kwa mzee mmoja huko Kikopey, penye vibanda vya nyama choma, aliyekuwa akichora ng'ombe kwenye kuta za mabucha.

Nilimpata nyuma ya bucha moja, ameketi kwenye kreti ya soda, moshi wa nyama ukimpita usoni bila yeye kujali. Niliikunjua picha mezani. Alipitisha kidole juu ya vile vilima, polepole, kisha akavua kofia.

"Hii ilichorwa hapa hapa," akasema. "Mimi ndio nilikuwa namshikia kopo. Ilikuwa wakati wa mvua, malori haziji, tumekaa bure. Akasema wacha amchoree bibi yake nyumba. Wewe ni mtoto wake?"

Niliitikia kwa kichwa. Nililia mbele ya watu waliokuwa wakila mbuzi wao kwa amani, wala sikuona haya. Miaka arobaini na tano nilikuwa nimelala chini ya kazi ya mikono ya baba yangu bila kujua. Nilikuwa nimempata, nami nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Mzee aliniacha nitulie. Halafu akainama karibu kabisa na picha, maana macho yake hayakuwa mazuri tena, akakunja uso.

"Lakini yeye mwenyewe ameenda wapi?"

"Nani, mzee?"

"Yeye. Alijichora hapa kwa mlango. Amesimama, mkono mmoja mfukoni, anacheka." Akaweka kidole kwenye yale mawe mawili. "Si hizi ni viatu zake?"

Nilitazama. Vilikuwa viatu. Sijui nilivionaje kuwa mawe maisha yangu yote.

Akanieleza bila haraka. Rangi nyeusi ya duko ilikuwa imewaishia, na mjini hakukuendeka kwa matope. Basi walifanya walichokuwa wakifanya siku zote: walikwangua masizi kwenye jiko la kuchomea nyama, wakayakoroga na gundi ya mbao na maji. Ukiyapaka mazito unapata koti na kofia. Ukizidisha maji unapata ngozi ya mtu. Viatu pekee ndivyo vilivyopata duko, ya kahawia iliyobaki chini ya kopo.

"Inashika vizuri, hata miaka," akasema. "Bora isiguswe na maji. Macho ya ng'ombe zote hapa tulikuwa tunapaka hivyo, na wenye bucha walikuwa wanajua. Osha ukuta, macho wachana nayo." Akairudisha kofia kichwani. "Hii kuna mtu aliosha."

Sikuhitaji kumuuliza mtu huyo ni nani.

Kwetu Krismasi huanza kwa kuosha. Huoshwa vitambaa vya makochi, husuguliwa sufuria mpaka ujione ndani yake, na kuta hufutwa moshi wa koroboi wa mwaka mzima. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ameenda sokoni na kabichi, nami nikaamua arudi akute nyumba inang'aa. Picha ilikuwa imefifia kwa moshi, na pale mlangoni ndipo palipokuwa pachafu kuliko kote, doa moja refu jeusi. Nilipanda kiti nikiwa na sabuni ya unga na waya ya kusugulia sufuria. Nilisugua palepale. Maji yalipogeuka meusi kwenye beseni nilifurahi mno.

Mama aliingia na kikapu mgongoni, akasimama.

"Umeosha mpaka picha?"

Nikasema ndiyo, kwa maringo. Aliitazama kwa muda. "Imetakata," akasema, kisha akatoka nje bila kutua kikapu.

Jioni ile, niliporudi Bahati kutoka Kikopey, nilimpigia simu mama mdogo, mdogo wake mama, nikamweleza yote.

"Mama yako alikuwa anangoja ukue kidogo ndio akuonyeshe," akasema. "Moshi ilikuwa imemfunika baba yako lakini yeye alikuwa anamwona. Siku hiyo alikuja kwangu akalia mpaka nikaogopa. Akaniapisha. Akasema huyu mtoto asijue, ataibeba hii kitu maisha yake yote."

"Sasa mbona mwaka uliofuata aliniacha niioshe tena, Auntie? Na mwaka mwingine? Niliiosha kila Krismasi mpaka nikamaliza shule, fomu foo."

"Si wewe ndio uliitisha maji? Ulikuwa umefurahi, ulisema picha ni kazi yako. Angekukataza, ungeuliza kwa nini. Uso ulikuwa umeenda tayari. Ilibaki mabega, na ule mkono. Akaniambia, wacha tu amalize."

Nilikata simu nikakaa kwenye kitanda cha mama. Ninayakumbuka maji ya miaka ile iliyofuata. Yalikuwa ya uvuguvugu kila mara, kwa sababu mama aliyapasha mwenyewe nisigande vidole. Na kwa kuwa kile kiti kilikuwa na mguu uliolegea, alikuwa akinishikilia kiunoni kwa mikono yote miwili, mwaka baada ya mwaka, mpaka niseme nimemaliza.