Barua ya Mwalimu wa Kilimo

Mkuu wa chuo alinipigia simu, ingawa ofisi yake na chumba changu vinatenganishwa na ukuta mmoja tu. "Njoo," alisema. "Njoo sasa hivi."

Nilimkuta amesimama mbali na meza, anaitazama kompyuta yake kama mtu aliyeona nyoka jikoni. Kwenye skrini kulikuwa na barua pepe iliyoingia asubuhi ile. Mtumaji alikuwa mwalimu wetu wa kilimo. Tulikuwa tumeshamzika kwao Kagerankanda, baada ya pikipiki yake kugongana na lori akitoka Kakonko kukagua wanafunzi waliokuwa kwenye mazoezi ya vitendo. Mimi mwenyewe nilishika koleo pale kaburini.

Barua ilikuwa fupi: "Mkuu, naomba ruhusa ya Ijumaa. Nataka kumpeleka mke wangu hospitali, macho yanamsumbua. Nimemkatalia mara nyingi na sasa naona haya."

Niliisoma mara mbili.

"Kuna mtu anatuchezea," Mkuu alisema. "Seva unaitunza wewe. Niambie ni nani."

Seva yenyewe ni boksi kuukuu chini ya meza yangu. Haina skrini, haina picha wala vitufe vya kubofya. Nikiitaka, naingia kutoka kompyuta nyingine, nafungua dirisha jeusi, naandika amri, nayo inanijibu kwa maandishi matupu. Walimu wenzangu hunionea huruma, lakini mashine dhaifu kama ile, kwa umeme wetu wa Kasulu, haiwezi kubeba mapambo. Barua za chuo kizima hupita humo, na kila inayopita huacha mstari: imetoka kwa nani, saa ngapi, kwa njia gani.

Nilirudi chumbani kwangu, nikaandika jina la marehemu, nikakosea, nikaandika tena. Mstari ukatokea. Aliyetuma aliingia kwa nywila sahihi, bila kubahatisha, kupitia mtandao wa simu. Akaunti ilikuwa bado wazi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifunga. Nikiwa bado nasoma, mstari mwingine ukaongezeka chini yake. Mtu alikuwa ameingia tena kwenye akaunti, dakika ileile niliyokuwa nikisoma.

Niliruka nikaangusha kiti.

Mkuu alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni. "Mpigie," alinong'ona.

"Nimpigie nani?"

"Yeye."

Nilipiga namba ya marehemu. Iliita. Ikapokelewa.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke.

"Shemeji?"

"Ndiyo, shemeji. Mwakeye," alinisalimu kwa Kiha.

Alikuwa mjane wake. Simu ile polisi walimkabidhi ndani ya begi pamoja na nguo, na hakuwahi kuigusa. Asubuhi ile wifi yake wa Kibondo alikuwa ameomba picha ya marehemu, basi akaichaji, akaweka bando. Hapo ndipo nilipoelewa. Mwalimu aliandika barua akiwa Kakonko, bando likiwa limekwisha au mtandao haupo, nayo ikabaki ndani ya simu. Simu ilipopata mtandao, ikaituma yenyewe, ikaendelea kuingia kwenye akaunti kwa nywila iliyohifadhiwa humo.

Nilimweleza hivyo, kwa upole kadiri nilivyoweza.

"Barua gani?" aliuliza.

Nilimtazama Mkuu. Akaichukua simu mkononi mwangu, akaiweka spika, akamsomea neno kwa neno. Upande wa pili nilisikia jogoo akiwika.

"Nisomee tena, mama."

Alimsomea tena.

"Mimi aliniambia hospitali ni kupoteza siku," mjane alisema. "Tuligombana. Aliondoka hata chai hajanywa."

Mkuu alikaa sakafuni palepale, na kitenge chake kizuri. Sikujua niangalie wapi.

Ijumaa iliyofuata Mkuu alimfuata mjane Kagerankanda kwa gari la chuo, akampeleka hospitali. Jicho moja walilitibu likapona. La pili, madaktari walisema, lilikuwa limecheleweshwa mno. Sijajua hadi leo kama nishukuru au nilie.

Baadaye Mkuu aliniagiza niifunge ile akaunti. Dirisha jeusi halimuulizi mtu kama ana hakika, ukibonyeza, imekwisha. Niliandika amri, nikaiacha hapo bila kubonyeza, nikampigia mjane kwanza. Nilidhani ataniomba niiache.

"Ifunge, shemeji," alisema. "Nisije nikaanza kumngoja."