Musangu Uliopukutika Wakati wa Mvua

Asubuhi tatu mfululizo Victorine aliamka kabla ya mumewe, akafagia majani chini ya musangu na kuyafukia nyuma ya choo. Siku ya nne hakukuwa na la kuficha. Mvua ya Novemba ilikuwa ikinyesha, kila mti wa Lubumbashi umevaa majani, na musangu wao ulisimama uchi katikati ya lupango, ua wa nyumba yao.

Aliupanda mwaka wa 1990 kwa ajili ya binti yao Deborah, aliyezaliwa albino. Kila kiangazi jua lilimtoa malengelenge mabegani, na ndani ya nyumba mabati yalichemka. Mjomba Mukuka, aliyetoka Pweto na kifurushi cha mbegu, ndiye aliyechagua. "Panda musangu," alisema. "Udongo ukipasuka, ye iko na majani. Mizizi yake inafuata maji mbali sana."

Victorine aliloweka mbegu katika maji ya moto, akazipanda upande wa magharibi ili kivuli cha alasiri kifike mlangoni. Mche uliosalia aliuzungushia miiba, mbuzi wasiufikie, na kiangazi cha kwanza aliunywesha maji aliyooshea mboga. Mwaka wa tatu Deborah alitandika mkeka chini yake.

Sasa treni zilikuwa zimesimama, mumewe Léonard, mfanyakazi wa reli, anashinda nyumbani, na makala, mkaa wa kupikia, hayapatikani. Miti ya barabarani ilikwisha kukatwa yote.

"Mama Deborah, huu muti ulishakufa," alisema Léonard.

"Haukufa. Umechoka."

"Muti nayo inachoka? Iko inafanya kazi gani?"

Victorine alikwangua gome kwa ukucha, akamwonyesha ubichi chini yake. Léonard hakutazama sana; aligeukia jiko. "Siku ya posho nitaukata. Mbabula iko tupu tangu jana."

Usingizi ulimhama Victorine. Labda ni yale maji ya mboga. Labda aliupanda karibu mno na choo. Alipomwangalia Deborah amelala, aliona kiangazi kijacho chote juu ya mabega yale.

Barabara ya Pweto ilikuwa mbaya na mjomba hakuwa na namna ya kuulizwa. Lakini kila Jumamosi, siku ya posho, lori la samaki wakavu kutoka huko lilifika sokoni. Siku hiyo Victorine alitoka alfajiri, akalingoja kwenye matope mpaka jua likapanda, akamshika mkono mwanamke wa kwanza aliyeshuka, mmoja aitwaye Chola.

"Dada, musangu wangu umepukutika, na mvua inanyesha."

"Iko na miaka ngapi?"

"Mitatu."

Chola alicheka mpaka kapu likamtikisika kichwani. "Muti ulikuwa mutoto, mama. Sasa mizizi imefika kwenye maji, umekuwa mukubwa. Musangu mukubwa inalala mvua ikija. Mwezi wa tano itavaa, wakati miti ya wengine inavua. Hakuna aliyekuambia?"

Hakuna. Kwa mjomba Mukuka lilikuwa jambo ambalo kila mtu analijua.

Victorine alirudi nusu akikimbia. Alisikia shoka kabla ya kufika. Léonard alikuwa amekwisha kuangusha tawi la chini, na jeraha lake lilikuwa jeupe, lenye maji.

"Subiri mwezi wa tano," alisema Victorine, akihema. "Ukiwa mukavu, nitaukata mwenyewe."

"Nani alikuambia?"

"Muuza samaki."

"Samaki anajua miti?" Lakini Léonard alikuwa akigusa lile jeraha, na kidole chake kilirudi na unyevu. Aliegemeza shoka ukutani.

Victorine alipaka udongo kwenye jeraha. Miezi sita alikwangua gome, kila mara mahali pengine, akiogopa kuuumiza kwa kuukwangua. Mwezi wa tano, nyasi zilipokauka, aliona vidole vya kijani kwenye ncha za matawi. Hakumwita mtu. Alichukua mkeka wa Deborah, akautandika mahali pake, kisha akatazama nje ya ua: majirani wawili walikuwa wamesimama, wakiutazama mti pekee wenye majani mtaani. Alasiri ile alianza kukusanya miiba mipya, safari hii si kwa ajili ya mbuzi.