Msabato Langoni

Kwa miaka minne Gaston Ilunga alilinda lango la sinagogi moja katika mtaa wa Glenhazel, na kwa miaka minne hakukosa Jumamosi hata moja. Waumini walifika kwa miguu, wamependeza, simu zao wameziacha nyumbani. Yeye alibaki nje na kirungu kiunoni, akihakikisha pumziko lao halisumbuliwi na mtu.

Jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza ni kwamba Gaston naye ni Msabato. Alibatizwa kwao Likasi akiwa na miaka kumi na mitano, na amri ya kuitakasa siku ya saba anaijua kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kampuni ya ulinzi ilimpa zamu ya Jumamosi kwa sababu wenzake wote wanasali Jumapili, na Jumapili ndiyo waliyotaka kupumzika.

Mkuu wa sinagogi alikuwa Rabi Lurie, mtu mnene, mpole, mwenye neno kwa kila jambo. Kila Alhamisi asubuhi alifundisha hekima ya Kiyahudi katika maisha ya kila siku: namna ya kula, ya kuuza, ya kunyamaza. Dirisha la darasa lilitazama kibanda cha Gaston, kwa hiyo Gaston alisoma zaidi kuliko baadhi ya waliokaa ndani, maana wao waliweza kuondoka.

Hapo ndipo alipojifunza kwamba Myahudi hawashi umeme siku ya Sabato, wala hamwamrishi mtu mwingine amwashie. Lakini kueleza tu hali ilivyo, hiyo ni habari nyingine. Jumamosi moja ya mwezi wa saba Rabi alitoka hadi langoni, akatazama mawingu, akasema, "Ukumbi una baridi kama friji."

Gaston akaingia akawasha hita. Rabi akamshukuru Mungu kwa joto.

Ilipokaribia siku yao kuu ya toba, somo lilihusu msamaha. Mungu hafuti kosa ulilomtendea mwenzako, Rabi alifundisha, mpaka umwendee mwenyewe umwombe, hata mara tatu. Somo lilipokwisha akaja kibandani na kipande cha keki ya asali.

"Gaston, kama mwaka huu nimekukosea, kwa neno au kwa tendo, nisamehe."

"Hakuna shida, Rabi."

"Hapana, fikiri kwanza. Niambie."

Gaston akaamua kutumia lugha aliyofundishwa palepale. Akatazama mawingu. "Rabi, Jumamosi ni siku ndefu kwa mtu mwenye Sabato yake."

Macho ya Rabi yakalengwa na machozi. "Ndefu kweli! Na huo ndio utamu wake." Akamshika bega, akaenda zake ameridhika.

Jioni, kwenye chumba chao mtaa wa Berea, Gaston alimsimulia mkewe Mamie, aliyekuwa akimsuka mteja. Mamie alicheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Baba Gradi, yule amezoea kutoa mafumbo, hajazoea kupewa. Kesho mwambie wazi."

Kesho yake Gaston akamsimamisha langoni. "Rabi, ulifundisha kwamba mtu anaombwa hata mara tatu. Niombe tena."

Rabi akashangaa, lakini akaomba.

"Mimi ni Msabato. Siku unayopumzika wewe ni siku yangu pia. Miaka minne nimeilinda yako."

Rabi Lurie aliketi kwenye kiti cha mlinzi.

"Ile hita," alisema. "Nilikufanya uvunje Sabato ili mimi nisiivunje."

"Ndiyo, Rabi."

"Unanisamehe?"

Gaston alikuwa amejiandaa kukataa walau mara moja, kwa kuwa haki hiyo aliisikia dirishani. Lakini alipomwona mzee wa watu amejikunja kwenye kile kiti cha plastiki, akajikuta amekubali.

Rabi aliipigia kampuni mwenyewe. Ikamzungusha wiki mbili, kisha ikapata mlinzi wa kubadilishana zamu na Gaston.

Jumamosi ya kwanza Gaston alivaa suti, akaenda kanisani na Mamie. Mlangoni Mzee Thierry, msimamizi wa ibada, alimkumbatia.

"Ndugu Gaston, Bwana amekuleta! Magari yetu yamevunjwa vioo mara mbili. Wewe una uzoefu. Tusaidie hapo nje."

"Hapana, mzee. Leo napumzika."

"Lakini hii ni kazi ya Mungu, ndugu."

"Hata Mungu siku hii alipumzika."

Mzee Thierry aliwaambia wengine kwamba kukaa na Wayahudi kumemfanya ndugu Gaston awe mgumu. Gaston hakuyasikia hayo. Alikuwa ameketi safu ya pili, Biblia magotini, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha alishalala, mdomo wazi. Hubiri la siku hiyo lilihusu kukesha. Mamie alimtazama mara moja, akamwekea kitenge chake begani, akaendelea kusikiliza.